Haja Ndogo Katika Shamba la Kijiji

Wapo watu wanaoikumbuka miaka ya ujamaa kwa nyimbo, kwa jembe au kwa foleni ya sabuni. Mimi naikumbuka kwa mkojo.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimeolewa mwaka wa pili, tunaishi katika kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Runazi. Mimi ni mwenyeji wa Biharamulo, mtoto wa Wasubi. Watu wa mume wangu walikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Kabla ya kuhamishwa, kila ukoo ulikuwa na mahali pake bondeni, karibu na chemchemi. Kisha likaja lori, tukapakia vyungu na kuku, tukashushwa kwenye nyumba zilizopangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride. Tuliahidiwa maji ya bomba. Bomba lilikuja kweli, likasimikwa katikati ya kijiji, likakaa hapo miaka yote likiwa kavu. Kunguru walilipenda sana. Maji yenyewe tuliendelea kuyafuata kule kule tulikohamishwa, mwendo wa saa nzima kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya ndoo kichwani.

Maji ya kubeba namna hiyo huyanywi ovyo. Unayapikia, unawapa wazee waoge, unanywesha ndama. Mke mgeni akionekana anajimiminia kikombe cha pili, watu wanauliza kama amelamba chumvi. Kwa hiyo mimi nilikunywa kikombe kimoja asubuhi, na kingine jioni nikikumbuka.

Siku tatu kwa wiki tulilima shamba la kijiji, tangu asubuhi hadi jua linapogeuka. Lilikuwa shamba la pamba, tambarare kama meza. Trekta lilipita likang'oa kila kichaka, mpaka mjusi akakosa pa kujificha, akahama. Wanaume hawakuona shida. Mwanamume akibanwa alitembea hatua kumi, akageuka, akaangalia mbingu kama anayetafuta mvua, basi. Sisi wanawake tulibana.

Wengine walibana kidogo, wakasindikizana wawili wawili, mmoja akitanda khanga na mwingine akichuchumaa nyuma yake. Mimi hata hilo sikuliweza, kwa sababu mstari wa pili kutoka wangu alilima baba mkwe. Kwa mila zao, mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani. Mkikutana njiani unapisha, unainamisha macho. Wakubwa waliotupanga kwenye mistari hawakuuliza habari ya mila. Sasa nichuchumae wapi, na yule mzee yuko pale anapiga jembe? Nilibana hadi jioni. Nilipofika nyumbani tumbo la chini lilikuwa gumu kama kibuyu.

Siku ugonjwa ulipoanza nilidhani nimekalia siafu. Nilikwenda chooni, yakatoka matone matatu, na kila tone lilikuwa na pilipili yake. Nikasimama. Kabla sijafunga khanga nikabanwa tena. Nikarudi. Tone moja. Siku ile nilikwenda chooni mara nyingi kuliko jirani yetu aliyekuwa amekula nyama ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Jioni mkojo ulikuwa na rangi ya maji ya kuoshea nyama.

Nilimwambia mama mkwe, kwa sababu mume ni mume, lakini mambo ya huko chini ni ya wanawake. Alikuwa mama mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi, ambaye herufi r na l kwake zilikuwa ndugu.

"Ng'wanawane," aliniambia, yaani mwanangu, "hilo ni joto limekuingia. Kaa juu ya chungu."

Alichemsha majani asiyotaka kuniambia jina lake, akanikalisha juu ya mvuke nikiwa nimefunikwa blanketi kama kuku anayeatamia. Kisha nikaambiwa ninawe kwa sabuni ya kufulia na maji ya limau, ili uchafu ukimbie. Uchafu sijui kama ulikimbia. Mimi ndiye nilikimbia, nikaenda kukaa ndani ya beseni la maji baridi.

Zahanati ilikuwa kijiji cha pili. Matibabu yalikuwa bure, na hilo ni jambo ambalo hata leo nalisema kwa heshima. Ila bure ile ilikuwa ya maneno mengi kuliko vidonge. Mganga wa pale, kijana mwenye haraka, alinisikiliza akiwa amesimama. Hakukuwa na darubini wala cha kupimia. Aliangalia kabatini, akatoa vidonge vikubwa vyeupe, akanihesabia vya siku tano na kunionya nivimeze vyote.

Nivimeze vyote? Mimi niliyelelewa nikiambiwa akiba haiozi? Siku ya pili maumivu yalikwisha. Nikafunga vidonge vilivyobaki kwenye pindo la khanga ya akiba, nikavificha sandukuni. Niliona nimeishinda serikali na ugonjwa kwa siku moja. Baada ya wiki tatu siafu walirudi. Nikafungua pindo, nikameza viwili, nikapata nafuu, nikafunga tena. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Nilikuwa kama mtu anayemchapa mwizi kofi moja na kumwachia aende, kisha anashangaa kumwona tena dirishani.

Vita vilipoanza, mume wangu alikuwa mgambo, na mgambo walichukuliwa. Malori ya askari yalipita barabarani yakielekea Bukoba siku baada ya siku, yakituachia vumbi na nyimbo. Yeye alipanda mojawapo akiwa na viatu vya kuazima. Nililia kama walivyolia wake wengine. Lakini nitasema ukweli ambao wakati ule nisingeusema mbele ya mtu: miezi yote aliyokuwa huko vitani, ugonjwa ulinijia mara moja tu. Sukari ilipotea, sabuni ikapotea, mafuta ya taa yakapotea, na siafu nao wakapotea. Sikujua nimshukuru nani.

Alirudi mzima, amekonda, ana kovu dogo kwenye mkono na kofia aliyokataa kusema ameipata wapi. Kijiji kilimpokea kwa ngoma. Mama yake alichinja jogoo. Mimi nilimpokea kama mke anavyompokea mume aliyetoka vitani, na sitaeleza zaidi. Siku ya tatu nilikuwa nimechuchumaa chooni nauma meno.

Basi, kijijini hakuna choo chenye siri. Majirani walihesabu safari zangu, wakahesabu siku tangu arudi, wakatoa jibu. Dada yake alilitamka bila hata kushusha ndoo kichwani:

"Kaka ametuletea gonjwa la Waganda."

Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Nilisahau kwamba nilikuwa naumwa kabla hata ya vita kutangazwa. Nilimkuta anawamba kitanda cha kamba nje, nikasimama mbele yake.

"Huko ulikuwa unapigana na nani?" nilimuuliza.

"Na adui."

"Adui wa kike au wa kiume?"

Aliacha kamba ikalegea. "Mke wangu, kule tulikuwa tunalala kwenye mahandaki. Mtu ananuka mpaka nzi wanamkataa. Nani angenitaka?"

"Sijauliza nani alikutaka wewe. Nauliza wewe ulimtaka nani."

Alikasirika, akaenda kulala kwa kaka yake. Siku nne hatukusemeshana. Nilimpelekea chakula kwa kukiweka chini na kugeuka, kana kwamba yeye naye ni baba mkwe. Ugali niliusonga mgumu kwa makusudi.

Siku ya tano nilipata homa na kiuno kikauma upande mmoja kama nimepigwa teke na ng'ombe. Ndipo aliporudi bila kuitwa, akasimama mlangoni, akasema, "Tunakwenda hospitali ya Biharamulo. Tutapimwa wote wawili. Kama ni mimi, utanitukana barabarani mbele za watu. Kama si mimi, ugali ulainike."

Mganga wa zahanati alituandikia barua, na akanishauri nibebe mkojo wa asubuhi, ili tukifika tusipoteze muda. Chupa katika mwaka ule zilikuwa adimu kama sukari. Mama mkwe alitoa chupa yake bapa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, akaniapisha kuirudisha. Niliijaza kwa taabu kubwa, tone kwa tone, nikaifunga kwa gunzi la muhindi. Tukapata nafasi kwenye lori la pamba, juu ya marobota, nikiwa nimeishika chupa kifuani kama mtoto mchanga.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Wakati ule magendo yalikuwa kila mahali, na gongo ilisafiri kuliko watu. Mgambo mmoja, bunduki begani na jicho moja jekundu, alitushusha, akapekua vikapu, akaiona chupa yangu.

"Hii nini?"

Nilitazama chini. Mume wangu akajibu, "Ndugu, huo ni mkojo wa mke wangu. Tunaupeleka hospitali."

"Mkojo." Mgambo alicheka. "Kila chupa leo ni mkojo. Juzi mmoja aliniambia yake ni maji ya baraka. Mnanichukulia mimi mtoto?"

"Tuna barua," nilisema.

"Hata wenye gongo wana barua."

Alichomoa gunzi. Mume wangu alinyoosha mkono kumzuia, na huo ndio uliokuwa mkosi, kwa sababu mgambo akiona unazuia kitu anakitaka zaidi. Alimimina kidogo kiganjani, akaonja kwa ncha ya ulimi, kama fundi.

Waliobaki juu ya lori walinyoosha shingo. Mgambo alisimama akitazama barabara ya kuelekea Nyantakara, kwa muda mrefu. Kisha akarudisha gunzi taratibu, akaifuta chupa kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada," alisema. "Piteni."

Mume wangu alijizuia hadi tulipopita kona ya kwanza. Kisha akaangua kicheko hadi akalala juu ya robota. Nami nilicheka, na kila nilipocheka kiuno kiliniuma na matone yalinitoka, na sikujali. Ndiyo siku tuliyopatana, kabla hata ya kupimwa.

Hospitalini tulipokelewa na muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitika marahaba huku akiitazama chupa yangu. Tulipomsimulia ya kizuizini alikaa chini kwa kicheko. Alipomaliza kufuta machozi alisema chupa ile isingefaa hata hivyo: mkojo uliochomwa na jua juu ya lori, ndani ya chupa ya kikohozi, umezibwa kwa gunzi, ungeonyesha magonjwa ya wilaya nzima. Akanipa kikopo safi, akanielekeza kukinga mkojo wa katikati, usiwe wa mwanzo wala wa mwisho. Mume wangu naye akapimwa kwa njia zake, ambazo hakupenda kunisimulia.

Majibu yalipotoka alituita pamoja.

"Baba ni mzima," alisema. "Hana kaswende, hana kisonono. Mama ana usaha kwenye mkojo, na umeanza kupanda kwenye figo. Huu si ugonjwa wa uzinzi. Hata mtawa anaweza kuupata."

Mume wangu alinyoosha mgongo kama aliyevishwa nishani. Vita havikumpa nishani, lakini ile aliipokea.

Kisha yule mama akaanza kuniuliza maswali, mume wangu akiwa pale pale, wala hakupunguza sauti.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Kikombe. Wakati mwingine viwili."

"Mbuzi anakunywa kuliko wewe. Ukibanwa shambani unafanyaje?"

Nilimweleza habari za baba mkwe. Alitikisa kichwa.

"Na ukishakutana na mume wako, unafanya nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke. "Nalala, mama."

"Na yeye?"

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Yeye hulala kabla hatujamaliza."

Muuguzi alimtazama mume wangu juu ya miwani. Ile nishani ikaanguka.

"Sikilizeni," alisema. "Vijidudu vya ugonjwa huu vinakaa karibu na njia ya haja kubwa, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi. Mkikutana, vinasukumwa ndani. Ukiamka pale pale ukaenda kukojoa, unavitoa. Ukibana siku nzima, vinazaana. Maji ndiyo ufagio. Kunywa hadi mkojo uwe mweupe. Ukienda haja kubwa, jifute kuelekea nyuma. Na limau na sabuni ya kufulia acha. Wewe si sufuria."

Siku ile dawa ilikuwepo. Akanipa vidonge vya njano vya kumeza, na kabla ya hapo sindano za homa na kiuno, ambazo zilitulaza mjini siku tatu kwa ndugu wa jirani. Nilipokuwa nafunga vidonge kwenye pindo la khanga alinishika mkono.

"Unavipeleka wapi?"

"Naviweka."

"Utavimeza vyote. Ukibakiza, vijidudu vinaijua dawa, siku nyingine vinaicheka. Akiba weka ya mahindi."

Nilivimeza vyote. Vikanigeuza mkojo rangi ya chai ya rangi, nikaona angalau nimepata chai.

Nyumbani shida ilikuwa maji na shamba. Maji mume wangu aliyatatua kwa baiskeli yake. Alifunga madebe mawili nyuma, akawa anakwenda chemchemini yeye mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka kwamba vita vimemfanya mwanamke. Aliwajibu kwamba kuteka maji ni rahisi kuliko kusingiziwa Waganda.

Shamba nililitatua mimi. Niliingia na kibuyu changu cha maji, nikanywa, na nikibanwa niliweka jembe chini, nikatembea hadi ng'ambo ya barabara kwenye kichaka, nikarudi. Mara tatu kwa asubuhi moja, wakati mwingine nne. Kiongozi wa kikosi chetu, bwana mmoja aliyependa filimbi, alivumilia wiki mbili. Kisha katika mkutano wa kijiji akasimama.

"Kuna mtu hapa anatoroka kazi," alisema. "Kila saa yuko barabarani. Ujamaa hauna nafasi ya kupe."

Mwenyekiti akauliza ni nani. Bwana Filimbi akaninyooshea kidole.

Nilisimama. Wanawake wote walinitazama, na upande wa wanaume baba mkwe alikuwa amekaa kwenye gogo, amenipa mgongo kama ilivyo desturi.

"Ndugu mwenyekiti," nilisema, "mimi sitoroki. Mimi nakojoa."

Kicheko kilipasuka. Nilisubiri kipite.

"Nilikuwa nabana. Nikaugua hadi figo. Hospitalini wamesema nisibane. Shambani hakuna kichaka wala choo. Nikienda mbali mnasema natoroka, nikienda karibu nitamvunjia heshima mkwe wangu. Kijiji kiniambie nikojoe wapi, nami nitatii."

Wanawake waliacha kucheka. Mmoja, mke wa balozi wa nyumba kumi, alisema kwa sauti ya kujisemea lakini iliyosikika na wote, "Hata mimi nabana." Mwingine akasema, "Tunabana wote." Mwenyekiti alikohoa. Filimbi alisema hilo si jambo la mkutano.

Ndipo baba mkwe aliponyanyuka. Hakugeuka. Alizungumza na ukuta wa ofisi.

"Mimi ni mzee," alisema. "Kwa asubuhi moja nakojoa mara sita. Nikisimama nangoja, nikingoja unatoka kidogo, nikirudi nabanwa tena. Hakuna aliyewahi kunihesabu. Kama huyu ni kupe, mimi ni kupe baba yake." Akakaa.

Sikuwahi kusikia mkwe wangu akisema maneno mengi namna ile, na kwa hakika hakuyarudia.

Choo kilichimbwa wiki ile ile, pembeni ya shamba, kikazungushiwa mabua. Wachimbaji walichimba shimo fupi na mlango wakauelekeza upande wa upepo, lakini kilikuwa choo. Wanawake tulipanga zamu. Filimbi alikuwa wa kwanza kukitumia, bila aibu yoyote.

Nisidanganye kwamba nilipona kabisa. Mwaka ule ugonjwa ulirudi mara moja, wakati wa masika, nilipopata uvivu. Ukarudi tena nilipokuwa na mimba ya kwanza, lakini safari hiyo sikungoja siafu wafike. Nilipohisi moto wa kwanza tu nilikwenda zahanati, nikasema mimi ni mjamzito na mkojo unaniuma, na yule kijana mwenye haraka alikaa chini kunisikiliza. Mtoto alizaliwa mzima, mkubwa, na jambo la kwanza alilofanya mikononi mwa bibi yake ni kumkojolea.

Mama mkwe alicheka, akampangusa. Kisha, akiwa bado anamtazama mtoto, aliniuliza polepole, kwa sauti ambayo sikuwa naijua:

"Yule muuguzi wako, huwa anasikiriza na wazee?"

"Anasikiliza. Kwa nini, mama?"

"Mimi naungua hivyo tangu nilipomzaa mumeo."

Nilihesabu moyoni. Ilikuwa miaka ishirini na sita. Alidhani ndivyo uzazi unavyomwacha mtu. Alikuwa amevumilia jembe, kuhama, njaa na vita juu ya siafu wale wale, na kunichemshia majani ambayo yeye mwenyewe hayakuwahi kumsaidia.

Wiki iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni, tukaenda barabarani sisi watatu kungoja lori.